Shahidi wa Pili

Nianze na lililo baya, ili mtu asije akanihurumia kwa makosa. Mwanamke mmoja wa Okaya alikuwa akingoja kurudishiwa sauti yake, na kazi iliyohitaji sahihi yangu ili airudishiwe ilikaa mbele yangu miezi mitano. Sikujua kama ni sauti ya mtu. Lakini sikuuliza, na huko kutouliza hakuna aliyenilazimisha.

Jina langu Kurimoto Hatsue, mkazi wa Nagoya. Mchana nafanya kazi kwenye kampuni ya mita za maji. Muda unaobaki, kwa miaka ishirini na miwili sasa, nimekuwa mlinda mlango wa programu inayoitwa Hibari. Ukiiandikia maneno, inayatamka. Ni programu ya bure, ya watu wote. Anayetaka kuiboresha hutuma mabadiliko yake, nasi tunayahakiki kabla ya kuyaingiza. Fungu langu mimi ni faili za ujenzi, zile zinazoiambia kompyuta namna ya kuijenga Hibari ili ifanye kazi kwenye kompyuta hiyo. Kabla ya kujenga, faili hizo huihoji mashine: namba zako unazipanga kuanzia upande gani, neno lako lina ukubwa gani, sauti unaitolea wapi. Majibu yakiwa ya uongo, kila kinachojengwa juu yake ni uongo. Wengi huona kazi hii inachosha. Mimi naipenda, na kwa sababu naipenda nimekuwa mkali, na kwa sababu ni mkali watu wananiogopa, na nisidanganye, hilo nalo nililipenda.

Mwezi wa nne ilikuja barua pepe ya mtu nisiyemfahamu, Shimomura Iwao, fundi mstaafu wa Okaya. Alitaka Hibari ijengeke kwenye mashine inayoitwa Minamo. Ilibidi nitafute hiyo Minamo ni kitu gani. Kumbe ni kompyuta ya viwandani, ilitengenezwa na kampuni ndogo ya kule kwao iliyokufa zamani, ina chipu ya kwake peke yake, na namba inazipanga kinyume na karibu kila mashine iliyo hai leo. Nilimjibu nikimuuliza ni watu wangapi duniani bado wanaitumia.

"Wawili, Kurimoto-san," aliandika. "Na mmoja nimemlazimisha."

Nilicheka, nikafungua mabadiliko yake. Yalikuwa mistari tisini na kitu, safi kwa mtu wa umri wake, ila yalikuwa na kosa moja ambalo kila mgeni wa kazi hii hulifanya. Minamo ni nzito, kujijengea programu yenyewe huchukua saa nyingi, basi watu huijengea kwenye kompyuta ya kisasa kisha wanaihamishia. Hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba yale maswali ya mwanzo yanaulizwa kompyuta ya kisasa, nayo inajibu habari zake yenyewe, halafu majibu hayo anavalishwa Minamo. Ni kumpima viatu mwenye nyumba halafu ukampa mpangaji. Nilimwandikia hivyo hivyo. Nikamwambia pia, kwa maneno ambayo nikiyasoma leo naona haya, kwamba asiwashe chochote mpaka nimepitisha.

Alijibu siku ya tatu kwamba onyo langu limemkuta ameshawasha. Bodi ya sauti ilipiga kelele kama sufuria inayokwaruzwa, ikapata moto, ikafa. Alikuwa nazo mbili, imebaki moja. "Sitawasha tena kitu kisichopigwa muhuri," aliandika. "Kiwandani tulikuwa na sheria hiyo miaka thelathini. Sijui nimeisahau vipi."

Nilijisikia vizuri sana siku ile. Nilimsomea Wakana barua hiyo kwenye simu, na sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyeshinda kesi. Wakana ni mwenzangu katika Hibari, anakaa Sapporo, ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano na ananiita dada mkubwa hata anaponitukana.

Mwezi wa tano Shimomura alileta toleo la pili. Maswali sasa yalikuwa yanaulizwa Minamo yenyewe. Nilimrudishia kwa sababu ya mpangilio: majina hayakufuata alfabeti, na maelezo ya juu yalisema amefanya nini bila kusema kwa nini. Akaleta la tatu. Nikalirudisha kwa sababu ya mstari wa arobaini na moja, uliotaja njia ya faili iliyoko kwenye kompyuta yake yeye tu. Hakulalamika hata mara moja. Aliniandikia kwamba ningekuwa forodhani hata upepo usingepita. Nikamjibu kuwa upepo wenye hati utapita. Tulikuwa tumeanza kuzoeana, kwa namna watu wasioonana wanavyozoeana, na katika barua zote hizo hakutaja nyumba yake wala aliyemo ndani. Kwetu ndivyo ilivyo. Kwenye uhakiki unazungumzia mabadiliko. Mtu anaweza kuzika mzazi Jumatatu na Jumanne akajibu swali la mstari wa kumi na mbili, na hakuna atakayejua.

Mwezi wa sita toleo la nne lilikuwa safi. Nilitafuta kosa, sikuliona. Hapo ndipo ikaja sheria ya shahidi wa pili.

Sheria hiyo niliiandika mimi. Miaka mingi nyuma niliwahi kupitisha mabadiliko ya ujenzi kwa kuyasoma tu, na Hibari ikawa bubu kwa watumiaji wote kwa wiki mbili, wengi wao vipofu wanaoitegemea kusomewa barua zao. Sikulisahau. Tangu hapo, mashine ngeni haiingii mpaka mtu mwingine, si aliyeandika, aijenge programu yote tangu mwanzo juu ya mashine yenyewe, aiwashe, asikie kwa masikio yake, aandike jina lake kama shahidi. Ni sheria nzuri. Hata leo nitaitetea. Tatizo ni kwamba Minamo nzima iliyobaki duniani ilikuwa sebuleni kwa Shimomura.

Alitangaza kwenye orodha yetu ya barua, ambayo husomwa na watu mia tatu hivi. Aliandika kwamba mashine iko Okaya, kwa mguu ni dakika kumi na mbili kutoka stesheni, mwenye nafasi anakaribishwa, chai ipo. Hakuna aliyejibu. Mwezi wa nane alirudia, akaongeza kwamba tambi za soba zipo pia. Mwezi wa tisa alitangaza mara ya tatu, na safari hii hakutaja chakula. Aliuliza tu kama kuna yeyote.

Kutoka kwangu hadi Okaya ni safari ya treni ya saa mbili na nusu. Nilizisoma barua zote tatu. Nilijiambia kwamba mhakiki hawezi kuwa shahidi pia, kwamba hakimu hashuki kizimbani. Sheria haikusema hivyo. Mimi ndiye niliyeiandika na najua haikusema.

Wakana alichoka. Alinipigia mwanzoni mwa mwezi wa kumi, nikamsikia anatafuna kitu.

"Dada mkubwa, mpitishie huyo mzee basi. Mashine moja duniani, nani ataumia?"

"Nikimpitishia yeye, kesho nitamkatalia nani?"

"Basi nenda mwenyewe ukaone. Treni zipo."

"Nina kazi."

"Una kazi ya mita," alisema Wakana. "Mita hazikimbii."

Nilikata simu nimekasirika. Sikwenda. Mwisho wa mwezi ule nilimwandikia Shimomura kwa ukavu kwamba kama hakuna shahidi kufikia mwaka mpya nitayafunga mabadiliko yake, na kwamba pia nimeona kwenye mstari wa themanini ameacha nafasi mbili mahali pa moja.

Hakujibu. Wiki ya kwanza ikapita, nikamwona mvivu. Ya pili, nikamwona amenuna. Tarehe kumi na nne mwezi wa kumi na moja barua yake iliingia, na nitaiweka hapa yote kwa kuwa ni fupi.

"Kurimoto-san, naomba radhi sana kwa kuchelewa kujibu. Mke wangu Sumie amefariki tarehe tatu na kulikuwa na shughuli. Nafasi mbili za mstari wa themanini nimezirekebisha, toleo la tano limeambatishwa. Kuhusu shahidi, bado sijapata. Ikikubidi kuyafunga, nitaelewa. Shimomura."

Niliisoma nikiwa kazini, nimesimama. Nilikaa chini. Kilichoniuma kwanza hakikuwa kifo, kwa sababu huyo mke nilikuwa hata sijui kama yupo. Kilichoniuma ni zile nafasi mbili. Mtu ameuchoma mwili wa mkewe kama desturi yetu ya mazishi, amerudi na majivu nyumbani, amefungua kompyuta, akafuta nafasi moja kwa sababu mimi nimeitaka ifutwe.

Siku ya mapumziko ya tarehe ishirini na tatu nilipanda treni ya asubuhi. Nilibeba uvumba na boksi la matunda ya persimoni, nikavaa nguo nyeusi. Alinipokea mlangoni mwenyewe, mtu mfupi mwenye sweta iliyofungwa vifungo kombokombo, akainama sana, nami nikainama zaidi, na kwa muda hakuna aliyethubutu kuinuka kwanza. Kwenye chumba cha ndani palikuwa na chungu cha majivu kimefungwa kitambaa cheupe, na picha ya mwanamke mwenye uso wa mviringo aliyekuwa kama anazuia kicheko. Niliwasha uvumba. Nilitaka kusema neno, nikasema lile ambalo kila mtu husema.

Kisha nikasema nimekuja kuwa shahidi, kama bado anataka.

"Sasa haina wa kumsaidia," alisema. "Lakini kazi ni kazi. Ingia, Kurimoto-san, baridi hiyo."

Minamo ilikuwa kando ya meza, sanduku la rangi ya kijivu lenye ukubwa wa jiko la gesi, na pembeni yake spika ndogo. Nilifuata utaratibu wangu wote. Nilifuta kila kilichojengwa zamani, nikaleta programu upya, nikaweka mabadiliko yake, nikaanzisha ujenzi saa tano kasorobo. Maswali yalianza kupita kwenye kioo moja moja, polepole, na mashine ikawa inajibu yenyewe habari zake yenyewe. Ujenzi ungechukua saa sita. Hapo hapakuwa na pa kukimbilia, ikabidi tukae miguu chini ya meza yenye blanketi na kipasha joto, tule soba na kachumbari ya majani ya nozawana, na azungumze.

Sumie alikuwa opereta wa simu wa ile kampuni iliyokufa. Walipotengeneza bodi ya sauti ya Minamo walitaka sauti inayosikika vizuri katikati ya kelele za mashine, wakamchagua yeye. Siku nne alikaa kwenye chumba chenye magodoro ukutani akitamka kila silabi, na silabi hizo zikachomwa ndani ya chipu moja kwa moja. Haziwezi kunakiliwa, chipu ikitolewa kwenye bodi zinapotea. Programu ya zamani ya kiwanda haikujua kuziunganisha upya. Ilijua sentensi arobaini tu zilizopangwa tayari.

Mwezi wa tatu mwaka huu Sumie alitolewa koo la sauti kwa sababu ya saratani. Alikataa kifaa cha kutolea sauti kinachobonyezwa shingoni, kwa madai kwamba kinamfanya asikike kama roboti. Kuandika kwenye ubao kulimchosha. Kwa hiyo mumewe alishusha Minamo kutoka stoo, na mke akawa anaongea kwa zile sentensi arobaini.

"Chakula kikiwa tayari," Shimomura alisema, "anabonyeza: 'Zamu ya pili, tafadhali ingieni.' Nikichelewa bafuni: 'Mlango wa tatu uko wazi.' Siku akinikasirikia, nasikia huku jikoni: 'Hatari. Simamisha mkanda.' Mkanda wenyewe ni mimi." Alicheka, akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Tuliishi hivyo. Sentensi arobaini ni nyingi kuliko unavyodhani. Ila hakuna hata moja yenye jina langu."

Ndiyo maana aliitaka Hibari. Hibari ingechukua silabi za Sumie na kutamka lolote ambalo Sumie angeandika. Alikuwa na toleo lililo safi tangu mwezi wa sita. Lilikuwa mle ndani ya mashine, hatua moja kutoka mdomoni mwa mkewe.

Nilimuuliza kwa nini hakuliwasha tu. Nilijua jibu, nikamuuliza hivyo hivyo.

"Bodi ilikuwa moja," alisema. "Ningeiunguza hiyo nayo, ningemwambia nini? Na wewe ulisema nisiwashe mpaka upitishe. Na ulisema kweli, ile ya kwanza uliikamata wewe." Alinimiminia chai tena ingawa kikombe kilikuwa hakijaisha. "Sumie mwenyewe alisema tungoje. Aliandika ubaoni: huyo mama wa Nagoya ni kama msimamizi wetu wa zamani, anaudhi lakini chini yake hakuna aliyekatwa kidole."

Sikuweza kunywa ile chai. Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana unapata pa kushika, unaweza kujitetea au kuomba msamaha. Huyu alikuwa ananisifu, na kila sifa ilikuwa ya kweli, na mkewe alikuwa kwenye chungu chumba cha pili. Nilimwambia waziwazi kwamba nilikuwa na uwezo wa kuja mwezi wa saba, na kwamba sikuja kwa kiburi tu.

"Ulikuwa na kazi," alisema.

"Kazi ya mita," nikamwambia. Hakuelewa, na sikumfafanulia.

Saa kumi na moja vipaza sauti vya mji vilipiga wimbo wa jioni wa kuwaita watoto nyumbani, na ujenzi ulikuwa umebakiza faili tisa. Ulipokwisha nilisoma taarifa yote tangu juu hadi chini kama ninavyofanya siku zote. Hapakuwa na kosa. Nilimwambia kilichobaki ni kuiwasha na kusikia, na kwamba kwa kawaida tunatumia sentensi ya majaribio ya Hibari, inayohusu hali ya hewa.

Halafu akasema kuna faili ambayo Sumie aliiandika mwenyewe, kidogo kidogo, tangu mwezi wa sita, ya maneno ya kusema siku programu itakapopita. Yeye hajaifungua. Ni ya Sumie. Kama sheria inaruhusu, tutumie hiyo.

Nilimwambia sheria inaruhusu.

Spika ilikohoa kidogo, kisha mwanamke akaongea chumbani. Haikuwa sauti kamili, silabi zilikuwa zinagusana vibaya mahali pengine, lakini ilikuwa ya mtu, changa, yenye kicheko kwa chini kama kwenye picha.

"Iwao. Umezima jiko?"

Kikafuata kimya. Baadaye niliona kwenye faili kwamba alikuwa ameweka nafasi ya sekunde sita baada ya kila sentensi. Alikuwa opereta wa simu, alijua watu wanahitaji muda wa kujibu.

"Nimezima," Shimomura alisema.

"Vifungo vya sweta. Angalia tena."

Alijitazama kifuani. Akaanza kufungua vifungo na kuvifunga upya, na sauti ikamngoja zile sekunde zake sita, haikungoja zaidi, ikaendelea. Ilimkumbusha dawa ya shinikizo la damu. Ilimwambia kaka yake Sumie asipewe ule mkufu hata akilia. Ilimwita jina lake mara nyingi bila sababu, Iwao, Iwao, na yeye kila mara aliitika. Mimi nilikuwa nimekaa na kalamu mkononi. Shahidi anatakiwa kuandika anachosikia, lakini ukurasa wangu ulibaki mweupe.

Kisha ikasema, "Wewe uliyekuja kuwa shahidi, karibu sana. Iwao alikuwa anasema utakuwa mtu mwingine. Mimi nilisema atakuja Kurimoto-san mwenyewe, kwa sababu mtu anayesoma mpaka nafasi hawezi kutuamini tukimwambia kwa maneno tu. Si umekuja? Nimefurahi kukuona."

Akanyamaza, akinipa nafasi.

Shimomura alinigeukia. Alikuwa ananingoja nijibu, kama mwenye nyumba anavyongoja mgeni amjibu mkewe. Nilifungua mdomo. Koo langu zima lipo, halijakatwa popote, na halikutoa kitu. Nilisikia saa ya ukutani.

"Nimechelewa," nikasema mwishowe. "Sumie-san, nisamehe, nimechelewa."

Lakini sekunde sita zilikuwa zimekwisha, na yeye alikuwa ameshaanza sentensi nyingine, anamwambia mumewe amletee mgeni chai.